Kipepeo wa Kigongo cha Saba

3 Februari

Mdogo wangu Sisimizi,

Nianze na salamu, maana najua nikiziruka utanuna mwezi mzima. Sisi hatujambo. Goti la kushoto la mama limetulia, sasa ni zamu ya la kulia. Shangazi alikuja kwa siku mbili, hii ni wiki ya tatu, na ameshapanga upya masufuria yote anavyotaka yeye. Mama anafungua makabati matano kutafuta kifuniko kimoja. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele na akiongea utadhani anapuliza chai. Na wewe huko kituoni, unakula? Msimamizi wako bado anakoroma mpaka popo wanahama?

Haya, sasa neno lenyewe. Kitabu cha vipepeo wa mkia kimekaribia kwenda mtamboni. Unawajua, wale wakubwa wenye mikia miwili nyuma ya bawa, wanaoruka kama wamechelewa mahali. Nimewapanga wote upya: jenasi moja, spishi sita, kila moja na ramani yake ya mahali inapopatikana. Spishi tano hazina shida, tuna vielelezo mamia kwenye droo. Shida ni ya sita, yule mweupe. Tunaye mmoja tu, yule ambaye baba alituletea, na lebo yake inasema Kigongo cha Saba. Mkuu wetu wa makumbusho, yule tunayemwita Miwani, amekataa katakata kuchapisha spishi nzima kwa kutegemea kipepeo mmoja. Anataka wa pili.

Wewe ndiye askari wa msitu na vigongo vyote saba vya mlima viko nyuma ya kituo chako. Nakuomba utege mitego kuanzia cha Kwanza mpaka cha Tano, unitumie kila utakachopata. Cha Saba usijisumbue. Ni mbali, njia imeshajifunga, na vipepeo hawa hawapandi juu kiasi hicho.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi.

Dada yako

22 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mama, na soksi nimevaa, jozi mbili. Mwambie shangazi masufuria ya kituo nayo yanahitaji mtu wa kuyapanga, gari la mahitaji lina nafasi ya abiria mmoja. Barua yako ilikaa njiani siku kumi na moja kwa sababu dereva aliiweka chini ya gunia la vitunguu akaisahau. Niliifungua nikatokwa machozi, msimamizi akavua kofia akidhani tuna msiba.

Mitego nimetega kumi na miwili. Nimefanya kama ulivyonifundisha: chandarua kinaning'inia kama mkono wa shati, chini sahani ya ndizi zilizochacha, kipepeo anakula, akiruka anaruka juu, anakwama. Weupe sijaona hata mmoja.

Ila kuna kitu nikueleze. Juzi asubuhi nilifika Kigongo cha Nne nikakuta mtego umeshafunguliwa na kufungwa tena. Ndizi zimekwisha. Kwenye sahani kulikuwa na pembetatu za karatasi kumi na nne, zimepangwa kwa mstari, na ndani ya kila pembetatu kuna kipepeo. Yaani mtu aliwatoa mtegoni, akawakunja vizuri kabisa, akaniachia. Ukunjaji wenyewe si wangu wala si wako. Kona moja imeingizwa ndani, kama sikio la mbwa likilala. Nikamwendea msimamizi nikacheka, nikamwambia utani wake umefana. Akaniapia kwamba tangu mgongo umshinde hajavuka Kigongo cha Pili. Na kweli, mtu yule kufika chooni tu ni safari.

Nakutumia zote kama nilivyozikuta. Ni karatasi ya daftari la zamani, imekuwa ya njano. Nani anakunja hivyo, Dada? Wewe unawajua wakusanyaji wote.

Halafu jambo lingine. Unasema hawa hawapandi mpaka Saba. Lakini kwenye ramani yako mwenyewe, ile uliyonipa nilipoanza kazi, kuna nukta Saba, na pembeni jina la baba. Sasa nishike lipi? Mimi niko tayari kwenda. Ni siku mbili tu kwa miguu.

Mdogo wako

17 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo sote. Shangazi ameondoka jana, mama amelala mchana mzima kwa furaha. Meno ya binti yangu yanachungulia. Mvua imeingia kwenye chumba cha vielelezo kupitia pembe ya dirisha, tumehamisha droo arobaini kwa mikono, mabega hayana hamu.

Sanduku nimelipata. Wote ni wa spishi ya pili na ya tatu, wa kawaida. Nieleze umewahifadhi vipi. Kipepeo akikaa kwenye karatasi siku tatu anakauka, ukimgusa bawa linavunjika, ndiyo maana tuna sanduku la unyevu la kuwalainisha kabla ya kuwatandaza kwenye ubao. Hawa wamesafiri zaidi ya wiki mbili na nimewafungua mabawa kwa kidole. Mmoja mguu wake ulishika ukucha wangu. Nimesema labda ni baridi ya huko.

Kuhusu nani amekunja, sijui.

Angalia daftari la wageni kituoni kama kuna mkusanyaji aliyejiandikisha mwaka huu. Na ukikuta tena pembetatu kama zile usizifungue, zitie sandukuni uniletee. Mwambie msimamizi akusindikize, hata kama ni mpaka Kigongo cha Pili tu.

Saba usiende. Hapa sisemi kama mtu wa makumbusho, nasema kama dada yako. Nukta ile niachie mimi, nitaimaliza na Miwani mwenyewe. Mama asijue kwamba umeuliza habari za Saba.

Dada yako

5 Aprili

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Huku tunaendelea, ila msimamizi anaumwa jino, amefunga taya kwa kitambaa na anatoa amri kwa macho. Nimefurahi shangazi ameondoka salama, masufuria pia yamefurahi. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaigeuza nyuma kuona kama kuna nyingine.

Daftari la wageni nimelitazama. Tangu mwaka jana wamejiandikisha watu wawili, wote wapima ardhi, na waliishia bondeni.

Kigongo cha Tano nimekuta pembetatu tisa. Samahani, nimefungua. Safari hii kila moja ina lebo ndani, kalamu ya wino, maneno mawili tu: Si huyu. Zote tisa. Si huyu, si huyu, si huyu. Na mwandiko, Dada, ni kama wako. Ile s yako yenye mkia mrefu. Niliishika karatasi karibu na barua yako nikatazama huku na huku mpaka nikaacha.

Kigongo cha Sita sikuwa nimetega kitu. Nimekuta mtego. Chandarua ni cha mtindo wa zamani, kimeshonwa kwa mkono, na ndizi zake zimewekwa siku ile ile, zinanukia asali. Mimi huchachusha kwa sukari. Nilisimama pale nikaita. Sikujibiwa, lakini nyasi za upande wa Saba zilikuwa zimelala, kama mtu amepita dakika ile ile.

Wewe unaficha kitu. Usikasirike, nimekuwa mtu mzima, nina miaka ishirini na moja. Baba alipopotelea msituni nilikuwa na miaka minane. Ninachokumbuka ni kikohozi chake na harufu ya koti lake likiwa limelowa. Kila nikiuliza nyumbani, mama anainuka kwenda kukoroga chungu kisichohitaji kukorogwa, na wewe unaniambia habari za vipepeo. Sasa mahali ambapo jina lake limeandikwa ni siku mbili kutoka kitandani kwangu, halafu unaniambia nisiende, sababu hunipi.

Nitaondoka tarehe ishirini. Nitakuletea mweupe wako, kitabu kitoke, na mimi nitakuwa nimeona mahali baba alipompata. Kama una neno la kunizuia, liseme kabla ya hapo.

Mdogo wako

24 Aprili

Mdogo wangu Sisimizi,

Mama hajambo, mtoto hajambo. Mimi sijambo pia, kwa maana ya kwamba natembea.

Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Naiweka kwenye droo ya meza yangu, naitoa, naandika mstari, nachana. Leo ni tarehe ishirini na nne na wewe ulisema ishirini. Naomba sana uwe umeahirisha, uwe umeumwa jino kama msimamizi, uwe umeteguka mguu, Mungu anisamehe.

Baba hakumpata yule kipepeo Saba. Hakufika Saba.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini, kibarua wa kutandaza mabawa. Baba, aliyekuwa akiyakusanyia makumbusho, alileta vipepeo wake kama kawaida, nikawaweka watano kwenye sanduku la unyevu. Sheria ya kwanza ni kutoa lebo zote na kuzipanga pembeni kwa mpangilio ule ule. Nikasahau moja ndani. Nilipofungua, wino wote ulikuwa umeyeyuka, karatasi nyeupe pe. Nikaogopa kufukuzwa. Nikaandika lebo nyingine kwa kuiga mwandiko wa baba, mwandiko ambao yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Na kwa kuwa sikujua alimpata wapi, nilichagua mahali ambapo hakuna mtu angekwenda kuhakiki. Nikaandika Kigongo cha Saba.

Kipepeo mwenyewe alikuwa amepauka kidogo, kama wanavyopauka wote wa kiangazi. Angekuwa na lebo yake ya kweli, nadhani Kigongo cha Kwanza, asingemshangaza mtu. Lakini akaja mtaalamu mgeni, akaona mweupe, akaona lebo ya mbali vile, akasema hii ni spishi nyingine kabisa. Akaipa jina. Wakanisifu kwa jicho langu kali, wakaniajiri. Kazi yangu yote tangu siku ile imesimama juu ya kipande kile cha karatasi.

Orodha ya spishi na wakusanyaji wake ilipotoka, baba aliisoma mezani tukiwa tunakula, wewe ukiwa umeshalala na kijiko mkononi. Akaniuliza, "Hivi mimi nilifika Saba lini?"

Nikamjibu, "Si uliandika mwenyewe, baba."

Akacheka, akasema uzee umeanza kumnyemelea. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Usiku ule nilimsikia akifungua madaftari yake moja moja. Wiki iliyofuata aliaga kwamba anakwenda kuikumbuka ile sehemu. Mengine unayajua.

Ukunjaji ule wa kona kuingia ndani ni wake. Asali ni yake. Nilijua tangu nilipofungua sanduku la kwanza, na bado nikakuandikia kwamba sijui.

Sijui ni nani anayepita kwenye mitego yako. Najua tu kwamba anatafuta kitu ambacho hakipo, na aliyemtuma ni mimi. Usimfuate. Teremka mpaka kituoni, kaa hapo, nijibu kwa gari hili hili.

Dada yako

Kigongo cha Saba. Nadhani bado ni Aprili

Nimefika. Ilikuwa asubuhi, ukungu, lakini njia haikuwa imejifunga kama ulivyosema. Imesafishwa vizuri, kama ya mtu anayeipita kila siku.

Mitego nimehesabu mpaka mia mbili nikaacha. Inaning'inia kila mti, na yote ni mitupu. Huku hakuna kipepeo, Dada. Hakuna hata nzi. Ndizi nilizobeba hazichachi, ziko vilevile kama siku nilipozimenya.

Nilimkuta anashona chandarua. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mzee. Si mzee. Ana umri ule ule wa kwenye picha ya sebuleni, koti lile lile, na limelowa. Aliniita kijana. Nilitaka kumwambia mimi ni nani, nikaahirisha. Nikamuuliza anatafuta nini. Akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza kazi yake kwa mgeni:

"Jina langu liko kwenye orodha. Kwa hiyo nilimpata hapa hapa. Nimesahau tu ni mti gani."

Akaniuliza kama kitabu kimeshatoka. Nikasema bado, kinangoja kipepeo wa pili. Akafurahi sana. Akasema basi bado tuna muda.

Nimemwambia nitamsaidia kidogo halafu tushuke wote. Hiyo ilikuwa siku kadhaa zilizopita. Sisikii njaa, usiwe na wasiwasi. Amenionyesha namna ya kukunja. Yeye ameshika upande wa magharibi, mimi nimeanza mashariki. Barua hii nitaiacha kwenye mtego wa Sita.

19 Mei

Baba, na wewe Sisimizi,

Shikamoo baba. Mdogo wangu, hujambo? Nawaandikia wote wawili kwenye karatasi moja kwa sababu mama ndiye aliyeniagiza, nitawaeleza.

Barua yangu ya tarehe ishirini na nne imerudishwa ikiwa haijafunguliwa, pamoja na maelezo ya msimamizi. Anasema uliondoka tarehe kumi na tisa, siku moja kabla, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa nzuri. Anasema alipanda na askari wanne, mgongo wake na yote, wakazunguka Saba siku sita. Hawakuona mtego hata mmoja. Nyasi tu na ukungu. Wakati wa kushuka ndipo wakakuta barua yako Sita, mahali walipopita wakati wa kupanda na hawakuona kitu. Niliifungua nikaona haina salamu. Wewe, Sisimizi, umeruka salamu. Nilikaa chini sakafuni katikati ya droo.

Siku ile ile nilikwenda kwa Miwani nikamweleza kila kitu, kuanzia sanduku la unyevu. Nilidhani atapiga kelele. Alivua miwani, akafungua droo ya spishi ya sita, droo nzima yenye kipepeo mmoja, akamtoa. Akampeleka kwenye droo ya spishi ya kwanza, mwisho wa mstari, pamoja na wale wa kiangazi. Kipepeo alikaa pale kama amezaliwa pale. Niligeuka kuchukua kalamu, nilipotazama tena nilihitaji kusoma lebo ndipo nimjue ni yupi. Nimeikata lebo ile kwa mkasi mbele yake. Kitabu kitatoka na spishi tano. Kwenye ramani hakuna nukta Saba, nimeisimamia mwenyewe mpaka ikafutwa. Kazi yangu inaisha mwisho wa mwezi, na ni haki.

Kisha nikarudi nyumbani kumwambia mama. Miaka kumi na mitatu nimekula naye meza moja nikiwa na jambo hili kifuani. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja. Nilimsomea na barua yako. Nilitamani anipige. Alipofika nguo ya mwisho akasema, "Mwandikie na yeye. Mwambie hakuwa amesahau. Hicho ndicho alichokuwa anakiogopa."

Kwa hiyo, baba, nakuandikia. Msimamizi ameahidi kuiacha karatasi hii Sita, pale pale alipoikuta barua ya Sisimizi. Mimi na mama tumeshakata tiketi, tutakuwa kituoni kabla ya Jumapili, na tutakaa hapo mpaka mtoke.

Sikiliza, baba. Uliponiuliza pale mezani, nilikudanganya. Mwandiko ule haukuwa wako, ulikuwa wangu. Akili yako ilikuwa nzima, madaftari yako yalikuwa sahihi, na mti unaoutafuta haupo, kwa sababu hukuwahi kusimama chini yake. Huyo kijana uliye naye anayetafuta upande wa mashariki ni mwanao. Alikuwa na miaka minane ulipoondoka. Hanijibu tena mimi, lakini wewe ukimwita atakuja.

Hukufika Saba, baba. Hujawahi kufika Saba. Mshike mkono mdogo wangu, mteremke.

Binti yako